Dawa ya Saratani Inapogoma: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawasalimu kwa heshima. Nakala ya barua hii naielekeza kwa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma, kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa bodi za hospitali zetu zinazotibu saratani, kwa kuwa ninaloliomba haliwezi kumalizwa na ofisi moja.

Mimi ni mtafiti wa baiolojia ya molekuli. Tangu nimalize shahada ya kwanza nimekuwa nikilifuatilia swali moja: kwa nini dawa ya saratani iliyomwinua mgonjwa kitandani mwaka jana inashindwa kumsaidia mwaka huu? Mara nyingi jibu limo ndani ya jeni za seli zenyewe za saratani, na linaweza kusomwa. Mashine za kulisoma zimo nchini. Vijana wa kulisoma tumewasomesha, wengine kwa mkopo wa serikali, wengine kwa ufadhili wa nje. Kinachokosekana ni mahali pa kuwaweka. Naomba mfungue kada ya wanasayansi wa molekuli ndani ya hospitali zinazotibu saratani, na mwanzishe huduma ya kitaifa ya kupima usugu wa dawa za saratani.

Usugu wa dawa si jambo geni kwa Mtanzania aliyewahi kuugua malaria. Wazazi wetu walimeza klorokwini ikawaponya, kisha ikaacha kuponya. Mwaka 2001 serikali ikaiondoa na kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini), na mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini). Leo watafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na wenzao wanasoma vinasaba vya vimelea vinavyokusanywa mikoani, na ndivyo ilivyobainika kwamba Kagera kuna vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya kelch13 yanayovipa ustahimilivu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambalo ndilo nguzo ya ALu, kama ilivyokuwa imeonekana Rwanda na Uganda. Kazi hiyo ilifanyika kwa sababu wakubwa waliotangulia walielewa kwamba tusiposoma jeni za kimelea tutajikuta tunagawa dawa isiyotibu.

Seli za saratani nazo huwa sugu, ila ziko tofauti kwa jambo moja lenye uzito mkubwa kwa wapangaji wa huduma. Kimelea sugu husafiri na mbu kutoka mtu hadi mtu, hivyo ukipima sampuli za kutosha za mkoa unaijua hali ya mkoa. Seli sugu ya saratani huzaliwa ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja na haitoki humo. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili makosa hutokea. Miongoni mwa makosa hayo linaweza kuwamo moja linaloikinga seli na dawa, hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Dawa inaua nyingine zote. Ile moja inabaki, inazaana, na baada ya miezi au miaka ugonjwa unarudi, safari hii ukiwa umejaa uzao wa seli ile. Hakuna takwimu ya taifa itakayomweleza daktari kilichomo ndani ya mgonjwa aliyeketi mbele yake. Lazima apimwe yeye mwenyewe.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye ugonjwa nilioutumikia kuliko mwingine wowote: ile saratani ya damu inayokwenda polepole, ambayo hospitalini huitwa CML. Mwaka 1960, huko Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu moja (kifurushi kinachobeba jeni ndani ya seli) fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa wake. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba ufupi huo unatokana na kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande. Vipande vinapoungana huzaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na protini yake huiamuru seli igawanyike bila kikomo. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huingia kwenye kishimo cha protini hiyo ambamo hupokelea nguvu zake, ikakiziba. Ugonjwa uliokuwa ukiua ndani ya miaka michache ukageuka kuwa ugonjwa wa kumeza vidonge kila siku huku mtu akiendelea na shamba, duka na kusomesha watoto.

Mwaka huohuo wa 2001, Mercedes Gorre na wenzake katika maabara ya Charles Sawyers, Los Angeles, wakaonyesha kwa nini baadhi ya wagonjwa ugonjwa huwarudia. Herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika, na asidi amino, yaani tofali la kujengea protini, iliyopo nafasi ya 315 ya protini ikawa isoleusini badala ya threonini. Kishimo kikabadilika umbo, dawa ikakosa pa kukaa. Badiliko hilo, linaloitwa T315I, linazishinda pia dawa za dasatinibu na nilotinibu zilizokuja baadaye. Ilibidi itengenezwe ponatinibu, na baada yake asciminibu, ili wagonjwa hawa wapate tumaini jingine.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanaamua maisha ya watu wanaoketi kwenye mabenchi ya kliniki zetu. Wagonjwa wengi wa CML Afrika Mashariki wamepata imatinibu bure kupitia mpango wa msaada wa Novartis na Max Foundation ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni neema kubwa, na nimekutana na watu wanaoishi kwa sababu yake. Lakini dawa hii inataka ifuatiliwe kwa kipimo. Mgonjwa anayeitikia vizuri anatakiwa jeni ya BCR-ABL kwenye damu yake ishuke hadi asilimia 10 au chini ya hapo baada ya miezi mitatu, asilimia 1 baada ya miezi sita, na isizidi asilimia 0.1 anapotimiza mwaka. Ikikaidi kushuka, au ikishuka kisha ikapanda, hiyo ni ishara inayotangulia dalili zozote ambazo mgonjwa mwenyewe angezihisi.

Sasa wachukueni wagonjwa wawili ambao chembe nyeupe zao za damu zimeanza kupanda tena. Mmoja ana T315I. Mwingine hana badiliko lolote; alikosa nauli ya kutoka kijijini kuja kuchukua dawa, akagawanya vidonge vilivyobaki ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Wakiwa mbele ya daktari, wawili hawa wanafanana. Wengu limevimba kwa wote, wote wamekonda, na majibu ya kipimo cha kawaida cha damu ni yaleyale. Yule wa kwanza ukimwongezea dozi ya imatinibu unampotezea muda ambao hana. Wa pili ukimbadilishia dawa ya bei kubwa umemwacha na tatizo lake la nauli palepale, na dawa mpya nayo ataikatisha. Kipimo cha jeni kingewatenganisha. Bila hicho daktari anabahatisha, na nimewaona madaktari wazuri, wenye uchungu na wagonjwa wao, wakibahatisha kwa sababu hawana la kufanya.

Mashine ya kuanzia tunayo. GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa kifua kikuu mwaka 2010 na ambayo leo imo katika hospitali zetu nyingi, ina katriji, kikasha kidogo cha kuwekea sampuli, ya kupima BCR-ABL. Mashine ni ileile, umeme ni uleule, mtaalamu ni yuleyule aliyezoea kuweka makohozi. Kinachobadilika ni katriji na mafunzo mafupi ya kuandaa damu. Majibu hutoka ndani ya saa chache. Katriji hiyo haitaji ni badiliko gani limetokea, hiyo ni kazi ya mashine ya kusoma mpangilio wa vinasaba. Hizo nazo tunazo, zikitumika kwenye malaria, kifua kikuu na virusi vya korona. Mashine haijali kama kinasaba kimetoka kwa kimelea au kwa uboho wa binadamu. Anayejali tofauti hiyo ni mtu wa kuandaa sampuli, kuchambua data na kumwandikia daktari jibu linaloeleweka. Mtu huyo ndiye asiyekuwa na kiti katika mfumo wetu wa utumishi.

Niseme yaliyonikuta, kwa kuwa ndiyo yanayowakuta wengi. Nilirudi nyumbani na shahada ya uzamivu katika jenetiki ya saratani, nikiwa nimejifunza kuchunguza jinsi seli zinavyozikimbia dawa: nyingine hubadilisha umbo la protini inayolengwa, nyingine huzidisha nakala za jeni yenyewe, nyingine huongeza pampu juu ya ukuta wa seli zinazoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Nilipeleka barua ya maombi kwenye hospitali moja inayotibu saratani. Wakuu wa idara walinipokea kwa furaha na kuniambia wananihitaji. Ofisi ya rasilimali watu ikanijibu kwamba kada yangu haimo katika ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi, ya hospitali. Mimi si daktari, si mfamasia, wala si mteknolojia wa maabara aliyesajiliwa kwa njia inayotambulika pale. Nikaajiriwa kufundisha, na utafiti nikaufanya kwa mikataba ya miradi ya wafadhili. Mradi ukiisha, mkataba unaisha. Kijana niliyemfundisha kutoa RNA, nakala ya jeni inayopimwa, kwenye damu bila kuiharibu anaondoka kwenda kuuza vifaa vya hospitali, au anapanda ndege. Jokofu la nyuzi hasi 80 linabaki na sampuli za wagonjwa wetu, na hakuna mwenye mamlaka wala bajeti ya kuendelea kuzisoma. Siwalaumu walionijibu, walifuata muundo wa utumishi uliopo. Naomba muundo huo ubadilishwe.

Waheshimiwa, elimu hii ya jeni za saratani imejengwa kwa sehemu kubwa na miili ya watu wa ukanda wetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege hadi London, na humo mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mwaka 1982 uvimbe huohuo ukafundisha ulimwengu kwamba jeni ya MYC ikihamishwa kutoka kromosomu ya 8 na kupelekwa mahali pasipofaa kwenye kromosomu nyingine inaweza kuwasha saratani. Kila mwanafunzi wa fani yangu, awe Tokyo au Toronto, anafundishwa habari hiyo mwaka wake wa mwanzo.

Katika maabara niliyosomea uzamivu nilifundishwa kukuza seli ziitwazo Daudi. Zilianzishwa miaka ya 1960 katika maabara ya Eva na George Klein, Stockholm, kutoka kwenye uvimbe wa kijana wa Kiafrika wa miaka 16 aliyekuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ileile aliyoieleza Burkitt. Zimeishi tangu wakati huo. Zimetumika kupima dawa nyingi, zikiwamo kingamwili kama rituksimabu ambazo leo zinaokoa wagonjwa wa limfoma dunia nzima. Zipo pia seli za Namalwa, zilizotokana na limfoma hiyohiyo, ambazo kampuni ya Wellcome ya Uingereza ilizitumia kuzalisha interferoni, protini ya kinga ya mwili inayotumika kama dawa, kwa wingi. Na interferoni ndiyo iliyokuwa tegemeo la wagonjwa wa CML kabla ya imatinibu. Nilikuwa nikizitazama kwenye darubini nikiwa mbali na nyumbani, na moyo ulikuwa ukiniuma. Sina kinyongo na waliozikuza. Kilichoniuma ni kwamba watoto walioziacha seli hizo walitibiwa karibu na kwetu, na mimi nililazimika kuvuka bahari ili nijifunze kutokana nazo.

Hata hivyo historia hiyohiyo ina upande ninaoujivunia. Mwaka 1967 Uganda ilianzisha Taasisi ya Saratani pale Kampala, na wodi yake ikawa mahali pa tiba na pa utafiti kwa pamoja. Daktari Mmarekani John Ziegler na wenzake, na baadaye Profesa Charles Olweny wa Uganda, walijaribu mchanganyiko wa dawa kwa watoto wa limfoma kwa umakini ulioheshimiwa duniani. Walikuwa wakipambana na usugu kabla jeni zake hazijajulikana: watoto waliopona kwa dawa moja wakarudi na ugonjwa, na walipoongezwa dawa nyingine wengine wao walipona kabisa. Kazi ile ilifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu daktari na mtafiti walikuwa chini ya paa moja.

Nasi Tanzania tumeshaonyesha kwamba tunaweza. Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kufuatilia wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, pale Muhimbili, wakiandikisha, wakitibu na kusoma jeni zao kwa pamoja, hadi dunia ikaja kujifunza kwetu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015, na leo wagonjwa ambao zamani wangepelekwa India wanafanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Katika yote mawili kulikuwa na uamuzi wa viongozi na kulikuwa na wataalamu waliopewa ajira.

Kuna watakaosema, na wana hoja nzito, kwamba wagonjwa wetu wengi wa saratani hufika hospitali wakiwa wamechelewa, kwamba tuna uhaba wa madaktari wa patholojia na mashine za mionzi, na kwamba kabla ya jeni tuanze na hayo. Nakubali kwamba hayo ni makubwa. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria visa vipya zaidi ya 40,000 nchini mwetu na vifo zaidi ya 26,000. Hakuna maabara ya molekuli itakayoshusha namba hizo peke yake. Lakini tayari serikali na bima zinanunua dawa za saratani, na dawa hizo ni ghali. Kumpa mama mwenye saratani ya matiti dawa ya homoni bila kujua kama uvimbe wake una vipokezi vya homoni (protini za seli zinazoipokea homoni), au kumwendeleza mgonjwa wa CML kwa imatinibu miezi mingi baada ya T315I kujitokeza, ni kutumia fedha ya umma pasipo faida. Kipimo kinalinda bajeti ileile ambayo watu wanahofia kitaila.

Tena tiba hizi hazikupimwa kwetu. Wengi wetu wa kusini mwa Sahara hatuna protini ya Duffy juu ya chembe nyekundu za damu, urithi uleule unaotukinga na aina ya malaria iitwayo vivaksi. Badiliko hilohilo la jeni hufanya idadi ya neutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, kwenye damu yetu ionekane ndogo kuliko ya Mzungu, ingawa kinga yetu ni timamu. Ukitumia kiwango kilichowekwa kwa watu wa Ulaya, unaweza kumwahirishia mgonjwa tibakemikali au kumpunguzia dozi kwa hofu isiyo na msingi, na dozi pungufu huziachia seli sugu nafasi ya kukua. Saratani ya umio (njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo) nayo inaandama ukanda mrefu kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi na Afrika Kusini. Hakuna nchi tajiri itakayoifanya kuwa kipaumbele chake. Tusipoichunguza sisi wenye wagonjwa, itabaki vilevile.

Ombi langu la kwanza linahusu ajira. Wizara ya Afya na Utumishi zikae pamoja ziandike muundo wa utumishi wa wanasayansi wa molekuli hospitalini, wenye ngazi za kupanda kuanzia shahada ya kwanza hadi ubingwa, na utaratibu wa usajili unaowatambua. Hata watu wachache wa kudumu katika hospitali za Ocean Road, Muhimbili, Bugando, KCMC na Benjamin Mkapa wangebadilisha hali. Huduma ianze na CML, kwa kuwa kipimo chake kinajulikana, dawa yake ipo, na tofauti itaonekana mapema. Saratani ya matiti na nyingine zifuate.

Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinavyotaka ubaridi vinaharibika bandarini na uwanja wa ndege vikisubiri vibali. Mimi na wenzangu tumepoteza kazi ya miezi kwa namna hiyo. Naomba kuwe na dirisha moja la vibali vya vitendanishi vya tiba na utafiti, litakalowaunganisha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na forodha, lenye muda maalumu wa kujibu. Na kwa vile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, vipimo vinavyoamua mgonjwa apewe dawa ipi viwekwe kwenye kitita cha mafao pamoja na dawa zenyewe, ili daktari asilazimike kuandika dawa asiyoweza kuifuatilia.

Kuhusu sampuli zinazokwenda nje, sipingi ushirikiano. Mimi mwenyewe ni zao lake. Naomba kila mkataba wa kusafirisha sampuli useme wazi ni Mtanzania gani atafundishwa kuzichambua, data itarudi lini, na daktari wa mgonjwa atapataje jibu wakati mgonjwa bado yuko hai. Mkataba usiosema hayo usipitishwe. Fedha za utafiti nazo ziongezwe kuelekea ile asilimia 1 ya pato la taifa ambayo viongozi wa Afrika waliikubali tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980.

Niko tayari, pamoja na wenzangu walioko vyuoni na kwenye miradi, kuja Dodoma kwa nauli zetu kuwasaidia wataalamu wenu kuandaa rasimu ya muundo huo wa kada na makadirio ya gharama za huduma ya CML. Tunaomba kazi hiyo ianze mapema ili fungu lake liingie katika bajeti ya mwaka wa fedha ujao, na hospitali mojawapo iteuliwe kuwa ya kwanza kupokea katriji na watumishi.

Wenu mtiifu,

Mtafiti wa baiolojia ya molekuli na jenetiki ya saratani,
Dar es Salaam